Kikombe cha Kumfukuza Mshairi

Mdomo wa Zipporah wa Queensbury, London, haukuwa na breki. Mwaka ule wa tisini na nane, Léocadie, Mkongomani wa Neasden, alimcheka nje ya kanisa mbele ya watu na heshima zao: "Batoto yako banajua Kiingereza tu!" Zipporah akajibu palepale kwamba Jumapili ya Pasaka bintiye Bridget atakariri shairi la Kiswahili, jipya kabisa, la mshairi wa kweli. Akaalika kanisa zima nyumbani kwake.

Mshairi mwenyewe alikuwa Mzee Turobjon, Muuzbeki wa Tashkent, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwao alitungia watoto mashairi na kuwafasiria ya mataifa mengine. Akitunga juu ya bata, anatembea kama bata mpaka stesheni, na mtaa ulishamzoea. Sasa kila Jumapili anaingia jikoni kwa Zipporah, anaeleza mstari kwa Kiingereza cha kuokoteza, pengine kwa kulia kama mbuzi, naye Zipporah anautia Kiswahili.

Kilichowakwamisha ni chai. Siku ya kwanza mzee alimkaribisha kwake, akammiminia kwenye kibakuli chai ya kulowesha ulimi tu.

"Amenipimia kama dawa ya kikohozi!" Zipporah alimwambia shoga yake Placida kwenye simu, na Placida akaitangazia London. "Mchoyo wa kutupwa! Ngoja nimfunze ukarimu."

Basi kwake akawa anamjazia kikombe mpaka chai inatetemeka ukingoni. Kila akijaziwa, mzee anaduwaa, anainywa ya moto machozi yakimlenga, anainama, anaondoka. Shairi likawa linapata mstari mmoja kwa wiki. Pasaka ikafika likiwa na mitatu.

Siku hiyo watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Bridget akasimama, mikono nyuma:

"Mbuzi kala kofia ya mwalimu,
Kala na chaki, kasema ni tamu.
Mwalimu kalia: nitavaa nini?"

Akaishia hapo.

"Na mbuzi alijibu nini?" Léocadie akauliza, kwa utamu wa sumu.

Zipporah akakimbilia birika. Akachukua kikombe kikubwa kuliko vyote, akakijaza, akampelekea mshairi. "Kunywa, Mzee wangu, utumalizie."

Mzee akakitazama, akainuka. Zipporah akaziba mlango kwa mwili wake wote, na haukuwa mdogo.

"Unaenda wapi?"

"Mama, wiki tatu unanifukuza, nanyamaza. Leo sikukuu, mbele ya watu, unanifukuza kwa ndoo!"

"Nimekufukuza mimi?"

"Kwetu mgeni tunayempenda tunamtilia kidogo, aombe tena na tena, asiondoke. Ukimjazia, umemwambia: maliza, nenda."

Placida alicheka mpaka akaanguka kwenye mkono wa kochi. Zipporah alitamani sakafu immeze. "Kwa hiyo siku ile kwako..."

"Nilikutilia tone. Nilikuheshimu kama balozi."

"Ai, Mzee! Na vile nimekusema!"

Akaimwaga chai kwenye sinki, akamtilia kidogo kabisa. Mzee akaketi, akaomba tena, akaomba tena, uso ukimng'aa. Kumbe sasa kila mtu alikuwa na mwisho wake wa shairi. Mgeni mmoja, Harrison, akataka mbuzi achinjwe, si ni Pasaka? Léocadie akataka atubu. Kelele zikapanda, mzee naye akapiga magoti, akawa mbuzi, akawa anamnusa mgeni mmoja mmoja.

"Nyamazeni!" Bridget akapaza sauti, kwa Kiswahili, mama yake akashika moyo. "Mbuzi ni wangu!"

Wakati huo mbuzi alikuwa nyuma ya kiti cha Léocadie, kidevu juu ya kilemba chake, ndevu zote za mzee zimemning'inia mama wa watu kwenye paji la uso. Bridget akaangua kicheko, akamnyooshea kidole:

"Mbuzi kasema: nivae kichwani!"

Nyumba ikalipuka. Léocadie akapuliza ndevu zimtoke machoni.

"Sawa, mutoto anajua," akasema. "Sasa muniondoshee huyu mbuzi."