Shangazi wa Ukutani

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa ameketi chini ya ukuta wa ghorofa lile lile, akipunguza suruali na kubadilisha zipu. Siku moja wakaja watu wa sanaa, wamevaa viatu vilivyochafuliwa rangi kwa makusudi, wakasema mtaa wetu una uso wake na uso huo ni Shangazi. Wakampiga picha tatu, wakamwomba ahame kidogo wafunge jukwaa la kupandia. Hiyo kidogo ikawa wiki tano nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka, ambako hakuna mteja aliyemwona.

Mchoraji alikuwa na sauti ya upole na masikio ya mapambo. Shangazi alimwambia, "Baba, mimi nina makengeza. Usije ukayasahau."

"Mama, sisi tunachora roho," akajibu.

Siku ya uzinduzi, turubai likashushwa. Ukutani alikuwepo mwanamke mwenye urefu wa ghorofa nne, shingo ndefu, meno kamili, macho yamenyooka kama rula, na ndege wa buluu begani. Makofi yakapigwa. Mheshimiwa mmoja akafuta chozi, sijui alilitoa wapi.

Shangazi akaninong'oneza, "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Acha utani. Na huyo kuku?"

Kabla sijajibu, dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatufuata. "Mama, samahani, mnaingia kwenye picha."

"Picha ya nani?"

Yule dada hakumtazama hata usoni. Macho yake yalikuwa ukutani.

Shangazi hakugombana na mtu. Alikwenda nyuma ya jengo akarudi na meza yake, mimi nikabeba cherehani. Akaketi mahali pake pa siku zote, mbele ya wageni wote, akatunga uzi. Mheshimiwa alipofika kwenye "heshima kwa mama zetu", cherehani ikaanza kurindima. Akapandisha sauti; Shangazi akakanyaga zaidi. Hotuba ikakatwa katikati, na mtaa mzima ukashukuru kimoyomoyo.

Hakuna aliyethubutu kumhamisha tena, na wateja wamerudi. Siku hizi hata watalii huletwa, wakiongozwa na jamaa mwenye kipaza sauti. Wiki iliyopita nilikuwa pale namsaidia kushona vifungo. Jamaa akawaeleza kwa huzuni kwamba marehemu alikuwa fundi hodari, ila hakujaliwa kuiona picha yake. Wageni wakainamisha vichwa.

"Poleni sana na msiba," Shangazi akawaambia. "Alikuwa ndugu yenu?"

Mmoja akamshukuru, kisha akainua simu akampiga picha yule wa ukutani.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu ya makopo ya rangi nyeusi yatakayotosha ghorofa nne.