Bomba Likigongwa

Gari liliposimama chini ya mnara wa maji, Dobi alijua ni wao. Alitia komeo, akaburuta kitanda mpaka mlangoni, akaokota jiwe lake.

Bomba kuu lilipita ukutani mwa chumba chake, likitoka mnarani kwenda vichochoro vyote vya mtaa. Enzi za kiwanda, mumewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa mnara. Kiwanda kilikufa, mume akafuata, yeye akabaki na kazi ya kuligonga bomba kwa jiwe: maji yakitoka, mara tatu, ngo! ngo! ngo!, kina mama wanakurupuka na ndoo. Sasa maji yalikuwa yamekatika tangu mwezi ulipoandama. Wakubwa na Meneja wao waliutaka mnara uwe hoteli, na chumba cha Dobi kilikuwa njiani. Basi akakubaliana na wenzake: nikigonga mfululizo, njooni mikono mitupu, tukae mlangoni asipite mtu.

Aligonga mfululizo.

"Mama, fungua kwa heri, tusifike kwenye shari," alisema Meneja huko nje. "Mnara huu ni urithi wetu sisi sote."

"Sisi sote! Na mimi ni nani, kunguru?"

Komeo likaruka. Askari wawili wakakisukuma kitanda kando. Dobi akang'ang'ania bomba, akigonga tu. Ndipo akasikia kandambili uchochoroni. Wanakuja!

Walikuja mtaa mzima. Kila mmoja na ndoo yake.

Meneja aliziangalia ndoo, akamnong'oneza fundi wake. Fundi akazungusha koki ya nje, chini ya mnara. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakamwagika kana kwamba hayajawahi kukatika.

"Kumbe mlikuwa nayo!" Dobi alipiga kelele. "Jamani, mlango! Tulikubaliana mlango!"

Wengine waliinamisha macho. Foleni ilikuwa imeshajipanga.

"Mwenzangu, watoto hawajaoga wiki nzima," alisema shoga yake, wa chanda na pete. "Ngoja nijaze moja tu."

Sufuria, godoro, picha ya marehemu: vyote vilitupwa nje kwenye tope. Dobi alikaa juu ya godoro, jiwe bado mkononi.

Shoga yake akaja mbio, akachakura kwenye rundo la vyombo, akaitoa ndoo ya Dobi. Akaipeleka kwenye foleni, akaiweka mbele ya yake.

"Usijali, dada," alisema. "Nimekushikia nafasi."