Nduru ya Filister kwa Mtu wa Nyota

Hapana, Sammy hakufa. Wewe nawe umerukia mwisho kama mbuzi ameona mahindi. Alikufa kwa TV tu. Lakini nyanya yake alimlilia kilio cha kweli, na hapo ndipo maneno yalianza.

Filister ni mama wa huku Ndhiwa, mjane. Ndiye huyo nyanya, alimlea Sammy tangu akiwa wa kutambaa, kwa sababu Rispa, mamake Sammy, alikuwa anauza samaki Homa Bay na kurudi jioni. Huyo Sammy akakua, akaenda Nairobi, akaingia kwa mchezo wa TV, ule wa watu wanaishi kwa nyota. Yeye akawa mmoja wao. Wanampaka rangi ya fedha uso mzima mpaka masikio, anavaa nguo inawaka-waka, anapanda chombo cha angani vile mtu anapanda boda. Na tena ni mwanamuziki. Anapiga nyatiti, ile yetu ya nyuzi nane, anazunguka nayo Kenya nzima akiimba.

Filister hana TV. Kila Jumapili alikuwa anaenda dukani kwa Hamud pale senta. Hamud ni mtu wa Lamu, ameishi hapa miaka mingi, na alikuwa anamwekea mama kiti ya plastiki karibu na magunia ya sukari ili amwone mjukuu wake.

Sasa Jumapili hiyo chombo cha Sammy kiliharibika huko juu. Hewa ikaisha. Sammy akaelea peke yake kwa giza, dunia iko chini yake ndogo kama chungwa, halafu akaanza kuimba. Alikuwa anavuta maneno mpaka watu wengine dukani wakasikia lugha ya watu wa nyota tu. Filister alisikia wimbo wake mwenyewe. Ule wa kulaza mtoto, ule alikuwa anaimba na Sammy mgongoni, moshi ya kuni ikimchoma macho. Neno kwa neno, kwa Dholuo, lugha yetu. Sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, macho ya Sammy ikafunga.

Wewe ungefanya nini? Filister aliruka kutoka kwa kiti, akashika kichwa na mikono miwili, akapiga nduru. Nduru ya msiba, ile inatoka tumboni.

"Bibi! Bibi!" Hamud akapiga kelele. "Huo ni mchezo tu! Wallahi yuko hai, yuko Nairobi anakunywa chai!"

"Atakunywaje chai na amekufa na wimbo wangu mdomoni?"

Wanawake wa soko wakaitikia. Huku kwetu nduru haitembei peke yake. Kufika jioni boma ilikuwa imejaa, wengine wamekuja na viti kabisa. Simu ya Sammy ilikuwa imezimwa, kumbe alikuwa kwa jukwaa anaimba. Rispa alipompata hewani ndipo watu wakacheka, wakabeba viti zao wakaenda.

Filister hakucheka. Mtu mzima kupigiwa nduru akiwa hai si mzaha. Nduru haina rivasi. Ikishatoka, inaenda kutafuta mwenye jina imchukue kweli.

Basi baada ya wiki kadhaa Sammy akaja kupiga muziki Migori. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya paa. Kesho yake alitakiwa aje nyumbani ale na nyanya yake. Lakini Jaduong' Javan, mzee wetu, mdogo wa marehemu mume wa Filister, ndiye mkubwa wa hiyo boma, na alikuwa ameweka fimbo yake kwa lango.

"Hapiti," akasema. "Mtu ameliliwa hawezi kuingia hivi hivi kama ametoka kununua chumvi."

"Lakini ilikuwa TV, baba," Rispa akasema.

"Wazee hawakuacha neno lolote juu ya TV. Ndiyo nimefikiria mwenyewe. Kilio ndicho kilimtoa, basi wimbo ndio utamrudisha. Akae nje ya lango apige nyatiti. Na yule alipiga nduru ndiye asimamishe wimbo, amsifu kwa jina lake, watu wote wakisikia."

Kwa sababu nyatiti ndivyo ilivyo. Ukitaka unainua mkono, nyuzi zinanyamaza, unajisifu au unasifu mtu wako, halafu wimbo unaendelea. Sisi tunaita pakruok.

Filister kusikia hivyo akaingia ndani akafunga mlango. "Mimi sisemi kitu. Huu mdomo umeshamuua mara moja."

Sammy alifika mchana kwa boda ya Nchagwa, kijana Mkuria, na nyuma yake kundi la watu. Alipoelezwa alianza kucheka, halafu akaona uso wa Javan, akaacha.

"Dana!" Sammy akamwita nyanya yake. "Ni mimi!"

"Nakusikia. Kaa huko huko usikufe."

"Dana, nina njaa!"

"Njaa inaua pole pole. Ngoja."

Sammy akakaa kwa kigoda, akavaa pete ya chuma kwa kidole ya mguu, akafunga njuga, akaanza. Pete ikigonga mbao, nyuzi zikiongea. Javan mwenyewe hakuweza kuvumilia, akainua mkono.

"Simamisha! Mimi Javan, ndume ya Ndhiwa! Nikikohoa Homa Bay, ziwa inarudi nyuma!"

"Simama hapo!" Hamud naye. "Mimi Hamud, mwana wa Lamu! Bila sukari yangu nyinyi mngekuwa mmeshaachana na wake zenu!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Mlango wa Filister haukufunguka.

Ndipo Sammy akaanza ule wimbo wa kulaza mtoto. Na kitu ikatokea. Watu wote wakaimba, walikuwa wameushika kwa TV. Watoto wa shule, wamama wa soko, Nchagwa amekaa juu ya boda yake. Hamud amefunga macho, anaimba kama yuko kwa maombi. Filister akafungua mlango kidogo.

"Hamud, unajua unaimba nini?"

"Lugha ya watu wa nyota, Bibi."

"Unaambia mtoto alale. Mamake ameenda mtoni, atamletea samaki mdogo."

Hamud akaweka mkono kwa mdomo. "Subhanallah."

"Hata kwetu Kehancha watoto wote wanaimba hii," Nchagwa akasema pole pole. "Kumbe ni ya huyu mama?"

Filister akasimama pale mlangoni. Wimbo wa moshi na kuni, haukuwa umewahi kuvuka hata uzio wake. Sasa umepita mahali ndege hawafiki, umeenda mpaka kwa nyota, na umerudi kwake kwa midomo ya watu hawamjui. Akafikiri: mdomo ulifanya jambo kama hilo, utashindwaje kurudisha mtoto mmoja kutoka hapo langoni?

Akatembea mpaka katikati ya boma. Akainua mkono. Nyuzi zikanyamaza, hata kuku zikanyamaza.

"Mimi Filister, binti wa Karungu! Nyanya wa Sammy! Sammy wangu anapita mwezi vile nyinyi mnapita Oyugis! Ametembea mahali hakuna hewa, na amerudi anasema njaa! Kifo ilimwona kwa TV ikafikiri imempata. Ikae huko huko kwa TV! Sammy yuko hai. Mimi nilimlilia, na mimi ndiye nasema. Yuko hai!"

Javan akaondoa fimbo. Sammy akaingia, njuga zikilia kwa mguu, na Filister akamshika mabega, akamtikisa kama mtu anapima gunia.

"Na hii samaki?" Rispa akaita kutoka jikoni. "Itakaa ikipoa mpaka lini? Kuon, ugali yenyewe, nimesonga mara mbili!"

Wakaja wote. Hamud kwa kiti, Nchagwa kwa mkeka, Javan, yule ndume ya Ndhiwa, watoto wamebanana. Maji ikamwagwa kwa mikono. Filister alibaki amesimama mpaka akaona Sammy amemeza tonge la kwanza. Halafu naye akakaa.