Mkavu ni Wenu
Nilimkuta Secilia kwenye tanuri la kijiji la kukaushia iliki, akipanga kuni. Alinisalimu shikamoo, nami sikuitikia.

"Nani ameukata mti wa pale juu ya kijito?"

"Ule mkavu? Ni sisi, Bwana Miti. Jumamosi, siku ya kazi ya ujamaa. Wewe ulikuwa Tanga."

Hasira ilinipanda. Miaka tisa nimeuendea mti ule na tochi, kila mwezi, tangu mwaka wa 1966. Chini ya magome yake waliishi mijusi wa usiku, wembamba, rangi ya gome lenyewe. Ncha za vidole vyao zimetanuka kama jani changa lililopasuka katikati. Mkia nao unanata mwishoni, wanaushikia mti kama mguu wa tano. Hawana kope, wanajilamba macho. Jike hutaga mayai mawili tu na kuyagandisha kwenye gome, na mwaka wa pili hurudi palepale. Nilihesabu majike saba. Katika msitu wote ninaoulinda sikupata mti mwingine wenye zaidi ya mmoja.

Nikafoka. Nikawaita waharibifu, nikaapa kumfikisha mwenyekiti wao Darweshi kwa mkuu wa wilaya. Secilia akaweka gogo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mbichi ni wa serikali, mkavu ni wenu," akasema. "Si wewe uliyetufundisha? Mwanangu Rubeni ulimlaza mahabusu siku mbili kwa mti mbichi mmoja. Tangu hapo mbichi hatugusi. Tunatembea mbali, tunatafuta mkavu. Huu ulikuwa na nini?"

Jibu lilikuwa jepesi, na kwa miaka tisa sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nilijua watakavyosema: serikali imemvika mtu mzima sare akalinde mijusi. Kila mkutano nilisimama nikahubiri chemchemi, mvua na miti hai, nikaketi. Mti mmoja mkavu niliuficha kwa kuogopa kuchekwa. Mimi, ninayewafokea wanawake wenye mizigo kichwani.

"Mijusi," nikasema.

Hakucheka. Afadhali angecheka, ningepata wa kumkasirikia.

"Ungesema," akasema polepole. "Mikavu haikosekani. Tungechukua mwingine."

Nikapiga magoti kwenye lundo la kuni, nikaanza kugeuza vipande kimoja kimoja, nikitafuta gome lenye mayai. Secilia naye akapiga magoti upande wa pili, akaniuliza mayai hayo yakoje. Nikamwambia ni meupe, madogo kama punje ya mahindi. Tukatafuta mpaka chini kabisa, tukapata magogo matupu.

"Magome hayapo," akasema, bila kunitazama. "Tuliyatanguliza tanurini jana. Ndiyo yanayoshika moto haraka."