Mikono Sita

Nilikuwa na picha tisa tayari: mikono ikifuta majani ya mgomba, mikono ikichuja mchele, kamba ikivutwa kwa vidole na meno. Maonyesho ya kituo cha utamaduni yalitaka kumi, zote za simu, zote za mada moja, na mwisho wa kutuma ulikuwa kesho yake saa sita mchana. Miaka kumi na minne nauza makava ya simu pale mjini Can Tho. Nilitaka walau mara moja kitu changu kitundikwe ukutani.

Tulikuwa jikoni, mkekani, tukifunga keki za mchele za mwaka mpya kwa majani ya mgomba, mapema kuliko desturi, maana kesho asubuhi Mama Mkubwa Nhan angepasuliwa uvimbe tumboni. Mwenyewe alikataa kwenda hospitali kabla keki hazijafungwa. Mama yangu alikaa katikati, dada yake huyo upande wa dirisha, na mdogo wao, Thoa, upande wa pili.

Nilipoinua simu, Mama Mkubwa akamgusa mama bega. "Hebu nipishe hapo, huku jua linanichoma."

Wakabadilishana. Mikono sita ikakutana juu ya keki moja, nikapiga. Nilijua palepale kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

"Tuone basi, mpiga picha wa serikali," Mama Mdogo Thoa akanitania. Alipotazama, kicheko kikamkatika. "Khue, tuko watatu humu."

Kwetu watu watatu hawapigwi picha pamoja. Wa katikati ndiye anayetangulia kufa. Nimelisikia hilo tangu utotoni, na sijawahi kuliamini.

"Nani yuko katikati?" mama akauliza, ingawa alikwisha kuiona pete ya dada yake kwenye mkono wa katikati. "Futa."

"Mama, ni mikono tu. Hata sura hazimo."

"Mikono haina mwenyewe? Mtu kesho anapasuliwa, wewe unamweka katikati. Una akili kweli?"

Nikafuta mbele yake, nimevimba kwa hasira. Sikumwambia kwamba simu huweka kilichofutwa siku thelathini. Mama Mkubwa alilijua hilo, nilimfundisha mimi. Mama alipotoka uani kuchochea moto, akaninong'oneza, "Irudishe, uitume. Ni nzuri."

"Ulihama makusudi?"

"Mama yako alikuwa katikati," akasema, huku akikaza kamba. "Mimi kisu kinaningoja hata hivyo. Ya nini tugawane balaa?"



Walimwingiza chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Daktari alikuwa amesema angetoka saa nne. Saa nne ikapita, na saa tano nayo. Mama Mdogo alikuwa akimenya chungwa lile lile bila kulila. Saa sita kasoro dakika kumi nikafungua pipa la simu, zinakokaa picha zilizofutwa. Picha ilikuwemo, imebakiwa na siku ishirini na tisa, nzuri kuliko jana. Kilichobaki ni kubonyeza tu, irudi, niitume. Mwenyewe alishaniruhusu.

Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka mbio, akarudi na mifuko miwili ya damu. Hakututazama.

Nikabonyeza kufuta kabisa. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Mimi nisiyeamini, nikabonyeza mara mbili. Kisha nikakagua pipa kama kweli ni tupu, nikakagua tena. Saa sita ikapita nikiwa na picha tisa.

Saa saba kasorobo muuguzi yule akaja taratibu. "Amefungua macho. Anauliza kama picha imekwenda."

Machozi yakanitoka. "Mwambie imekwenda."

Mama akageuka, akaitazama simu mkononi mwangu, na nikajua ameelewa yote. Akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kati yake na Mama Mdogo.

"Njoo ukae," akasema. Kisha akaniwahi kwa mkono kabla sijakaa. "La. Wewe kaa huku pembeni."

Katikati akakaa yeye.