Msiba wa Nyanya Mpakani

Nyanya ya kwanza ilipasuka saa nne asubuhi. Azara aliisikia kabla ya kuiona: tone zito lilidondoka kutoka chini ya lori, likafuatwa na jingine, na vumbi la kituo cha mpakani cha Dakola likayanywa yote mawili bila shukrani.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya kizuizi cha forodha tangu jana jioni. Lilibeba mavuno ya bustani ya wanawake kumi na wawili wa Bagré, miezi minne ya kumwagilia kwa ndoo kutoka bwawani, na Azara ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Wenzake kumi na mmoja walikuja naye, wamekaa juu ya mzigo wakiimba njia nzima, maana safari ya kuuza ni nusu ya sikukuu. Ng'ambo, upande wa Ghana, mnunuzi wao Mama Afriyie alikuwa akiwasubiri na gari lake. Ungeweza kuona hata rangi ya kilemba chake.

Kilichokosekana ni karatasi. Tangu nchi ijitoe kwenye jumuiya ya majirani, kila mwezi ulikuja na karatasi yake, na iliyotosha mwezi uliopita, leo ilifaa kufungia karanga. Hii mpya ilikuwa ikitolewa mji mkuu, na ofisi ya huko ingefunguliwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi, na jua la Machi halikuwa na habari na kalenda ya ofisi.

Azara alikuwa amekwisha kubembeleza. Ofisa kijana alimsikiliza kwa adabu zote, akamwita mama, akamletea maji ya kunywa, akasema hapana. Alisema hapana mara tano kwa upole uleule. Mkali unaweza kugombana naye. Mpole utamshika wapi?

Alipomwendea mara ya sita, ofisa alikuwa amevua kizibao chake kwa joto, na jina lake likaonekana kifuani. Bazié. Azara alilisoma mara mbili. Mgurunsi! Yeye, Mbisa, tangu jana alikuwa akimbembeleza mtani wa kabila lake kama anabembeleza mkwe.

Aliona haya. Mbisa na Mgurunsi hawabembelezani. Wanatukanana, Mbisa mla karanga, Mgurunsi mla vichwa vya mbwa, wanaibiana kuku, na mmoja akifa mwenzake hufika msibani kucheka: hulala mahali pa maiti, huiga sauti yake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Hakumsemesha. Alirudi kwenye lori akanong'ona na wenzake. Wakateremsha kikapu kimoja, wakakiweka mbele ya mlango wa ofisi ya forodha, wakakifunika shuka jeupe. Kisha Azara akajitupa chini, akalia. Alilia vizuri. Alimlilia marehemu aliyezaliwa kando ya bwawa, mwekundu wa mashavu, hana ugomvi na mtu, aliyekuja kufia njiani kwa kukosa muhuri. Wenzake wakaitikia. Madereva wa malori mengine wakavua kofia huku wakijiuma midomo.

Bazié alitoka mbio, kalamu sikioni.

"Mama, hii nini tena?"

"Msiba wa Wabisa, mtumwa wangu. Umechelewa. Walaji wa vichwa vya mbwa wenzako wangekuwa wameshafika."

Ofisa alilitazama dirisha la mkuu wake. Akaitazama bendera. Akakitazama kikapu. Kisha akavua kofia ya serikali, akailaza kitini taratibu kama mtoto aliyesinzia, akaja akalala chali kando ya kikapu na kujivutia shuka hadi kidevuni.

Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wa barabarani wakatawanyika.

"Mimi ndiye nyanya," alisema kwa sauti nyembamba ya mgonjwa. "Sikufa kwa maradhi. Nimeuawa na walaji karanga hawa, vichwani wamejaza maganda matupu. Amri inasema gari. Gari lenye nyanya lisipite bila karatasi. Sasa mwanamke mwenye beseni kichwani, nani kawaambia ni gari? Ana magurudumu? Nizikeni, nimechoka na wajinga."

Watu walicheka. Azara ndiye wa kwanza kunyamaza.

"Rudia hapo, marehemu."

"Maiti hasemi mara mbili."

Mabeseni yaliazimwa kwa mama lishe wote wa kizuizini. Wanawake wakasokota kata, wakatwikana, wakaanza kupita mmoja mmoja kando ya kizuizi, shingo wima. Dirisha lilifunguka. Mkuu aliuliza ni maandamano gani hayo. Bazié, kofia imerudi kichwani, visigino vimegusana, alijibu kwamba ni akina mama wanakwenda sokoni kwa miguu. Mkuu akauliza kama ni Wabisa. Alipoambiwa ndiyo, alisema kumbe ndiyo maana pananuka karanga, akafunga dirisha.

Walikwenda na kurudi mpaka adhuhuri. Beseni la mwisho Bazié alimtwika Azara mwenyewe, na kabla ya kuliachia alichagua nyanya kubwa kuliko zote, akaitia mfukoni bila kuomba.

"Mwizi," alisema Azara.

"Nenda salama, mla karanga."

Akashika njia kwenye ile ardhi isiyo ya nchi yoyote, nyayo zikiungua kupitia ndara. Mbele yake Mama Afriyie alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya gari lake, amejifunga kanga kiunoni, anatandaza majani makavu juu ya nyanya zilizotangulia. Azara akaongeza mwendo, si kukimbia, maana beseni halikubali, mkono mmoja juu, mwingine ukipepea pembeni kama wa mtu anayecheza ngoma polepole.