Safu ya Nne

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, karani wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, aliandika neno "daraja" kwenye kisanduku cha kutafutia, akapata majibu mia tatu na kumi na mawili. Yote yaliitwa "skani" na namba. Akavua miwani, akamwita fundi wa programu.

"Mwanangu, hii mashine inanijua? Maana inanidharau kama mtu anayenijua."

Fundi alicheka, akavuta kiti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye miezi miwili kazini, na alimpenda Shangazi kwa sababu ndiye pekee aliyesoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho kabla ya kulalamika. Akamweleza kwamba kila waraka una maelezo yake yaliyolala ndani ya hifadhidata: nani aliuandika, ulipokelewa lini, una kurasa ngapi. Kazi ilikuwa kuyatoa yaonekane kando ya jina. Ilimchukua siku mbili. Jumatano mchana matokeo yakaja na safu tatu mpya, zimenyooka, na Shangazi akapiga makofi.

Alhamisi asubuhi safu zilikuwa nne.

Ya nne haikuwa na kichwa. Kando ya barua ya mwenye kinu ilisema: "Iliandikwa juu ya gunia, kwa kalamu ya kuazima." Kando ya malalamiko ya muuguzi: "Alianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi." Fundi alipekua programu yake mstari kwa mstari, asione inakotoka. Shangazi alisema isiondolewe, ila ipanuliwe kidogo, maana maneno yalikuwa yanakatika. Akaipanua. Mkurugenzi alipopita aliitazama, akalalamika kwamba jedwali sasa halienei kwenye karatasi, akaenda zake kikaoni.

Saa ya mapumziko watu wa idara nyingine wakaanza kushuka masjala kutafuta barua za watu wao. Dereva alimkuta marehemu baba yake akiomba likizo: "Anaandika huku anapiga mluzi." Alisoma mara mbili, akauliza kama kuna namna ya kujua ni wimbo gani. Fundi akasema safu hiyo haipokei maswali.

"Basi," dereva akasema, "mluzi unatosha."

Ijumaa fundi aliandika jina la mama yake. Likatoka jibu moja, la miaka ishirini iliyopita: barua ya kuomba daraja la miguu juu ya korongo linalotenganisha mtaa wao na shule. Safu ya nne ilisema: "Iliandikwa sebuleni baada ya kuvuka. Sketi imelowa hadi kiunoni. Binti amelala pajani. Haijasomwa."

Akaandika neno "korongo". Zikatoka barua arobaini na moja, za watu wa mtaa huo huo. Jirani yao mshonaji. Mwalimu wa hesabu, mara tisa, kila mara kwa mwandiko mzuri zaidi. Zote ziliishia na neno lile lile: haijasomwa.

"Zote nimezigonga mhuri mimi," Shangazi akasema taratibu. "Nikazipandisha juu. Nilidhani juu kuna mtu."

Fundi alimpelekea mkurugenzi orodha. Aliitazama kwa makini kabisa, dakika nzima. "Kazi nzuri," akasema. "Hizi zisizosomwa ziweke chini, zisituchafulie ukurasa wa kwanza."

Jumatatu mama alikuja, viatu mkononi, kwa kuwa mvua ilinyesha alfajiri na korongo lilikuwa limejaa. Fundi akamkalisha kwenye kiti cha Shangazi, akamwonyesha. Mama alisoma, kidole kikifuata maneno kwenye kioo.

"Hukuwa umelala," akasema. "Ulikuwa unajifanya, ili nisikutoe pajani. Nami nikajifanya sijui."

Neno "amelala" likabadilika hapo hapo, likawa "anajifanya amelala". Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Alipenda kumbukumbu zilizo sahihi.

"Sasa mbona inasema haijasomwa, na sisi watatu tumeisoma?"

"Haituhesabu sisi, mama."

Mama akavaa viatu, akaomba karatasi. Aliandika ya arobaini na mbili pale pale kaunta, Shangazi akimtajia jina rasmi la idara, binti akimshikia karatasi isiteleze. Kwenye "mheshimiwa" alikosea herufi mara mbili, wakacheka mpaka dereva akachungulia mlangoni. Barua ikagongwa mhuri, ikaskaniwa. Matokeo yakaja papo hapo: jina la mama, tarehe ya leo, ukurasa mmoja, na pembeni, "Iliandikwa na watu watatu, wakicheka. Haijasomwa."

"Hapo imepatia," mama akasema.

Shangazi akaichukua barua, akapanda nayo ngazi mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya mkurugenzi, upande wenye maandishi ukitazama juu, akailainisha kwa kiganja. Kiti kilikuwa kitupu.